Baridi Inatoka Chini

Nilidhani ni gunia.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwishoni mwa Juni. Nimesimama kwenye mlango wa jiko la nje, khanga mbili juu ya sweta, kikombe cha chai kinaniunguza vidole na bado nimekishikilia. Bonde lote lilikuwa jeupe. Majani ya viazi meupe, nyasi nyeupe, bati la banda la nguruwe jeupe. Vitabuni inaitwa sakitu. Kwetu Njombe tunasema tu barafu imepiga. Na kule chini, karibu na geti, kulikuwa na gunia jeupe limelala. Nikawa najiuliza nani kasahau gunia la mbolea nje usiku kucha.

Gunia likainua kichwa.

"Watasema!" niliita. Hakugeuka. Nilikuwa nimesahau kwamba hasikii tena.

Alitaka kusimama. Miguu ya mbele ilinyooka, ya nyuma ikakataa. Akajisukuma mara ya pili, mara ya tatu, kisha akarudi chini taratibu na kulaza kidevu juu ya miguu, kama mtu aliyeamua mwenyewe kuendelea kupumzika. Mgongo wake wote, kutoka shingoni mpaka mkiani, ulikuwa umeota chembe za barafu.

Niligeuza macho. Unajua vile unavyogeuza macho mzee akijikwaa mbele za watu.

Nimerudi Dar wiki ya sita sasa. Huku watu wanajifunika shuka nyepesi na kulalamika kwamba kipupwe cha mwaka huu ni kikali. Nacheka nao. Kisha usiku naamka saa tisa, joto la Dar limenijaa shingoni, nikiwaza mabua ya ngano.

Jina lake

Wageni huuliza kwa nini mbwa anaitwa hivyo. Kwetu jina la mbwa ni barua ya wazi. Nimekua na mbwa walioitwa Hayawahusu, Tutaona, Mtachoka. Mtu ana jambo na majirani, hataki ugomvi, basi anafuga mbwa, anampa jina, na kila jioni anamwita kwa sauti.

Baba alimleta Watasema mwaka 2013, ndani ya koti, akiwa na ukubwa wa kiatu. Mwaka ule ule alikuwa amekata milingoti yote ya shamba la juu na kupanda parachichi. Wakati ule pale kijijini kila mwenye akili zake alipanda miti ya mbao. Walimsema sana. Saa moja jioni Baba alikuwa anasimama ukingoni mwa shamba na kuita mpaka ng'ambo ya bonde: "Watasemaaa!"

Siku hizi haohao wanakuja kuulizia miche.

Parachichi zilipoanza kuwa na bei, wezi nao wakaanza kuja na viroba usiku. Watasema ndiye aliyekuwa anawapokea. Sijui idadi ya usiku aliotulindia. Ninachojua ni malipo yake: ugali wa dona na maji ya dagaa, mara moja kwa siku, jioni, kwenye sufuria iliyotoboka.

"Mbwa ni wa nje, mama"

Siku ile asubuhi nilimwambia Baba kwamba Watasema anaganda.

"Mbwa ni wa nje, mama," akajibu. Baba akiniita mama, mazungumzo yamefungwa.

Sitaki mumwone mkatili. Tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye nyumba ya matofali isiyo na chochote cha kupasha joto zaidi ya jiko na miili yetu. Mama analala na blanketi tatu. Vijana wanaopasua mbao msitu wa pili wanalala kwenye vibanda vya nailoni. Katika foleni ya wanaosikia baridi, mbwa anasimama mwisho, na nilipokuwa mtoto sikuona tatizo lolote katika foleni hiyo. Sasa nimekaa mjini, nimeona mbwa wanaolala juu ya makochi, na nilijua fika ningeonekanaje: binti kashuka na basi kutoka Dar, kaleta udekezaji.

Kwa hiyo nilisubiri walale.

Saa nne usiku nilimvuta Watasema mpaka stoo, ile iliyopakana na jiko, ambako ukuta unabaki na uvuguvugu wa moto wa jioni. Nilitandika. Nilimbembeleza. Alisimama katikati ya stoo kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti. Hakulala. Nilikaa naye saa nzima, na kwa saa nzima alisimama, miguu ya nyuma ikitikisika.

Saa saba alianza kukwaruza mlango. Akakwaruza, akalia, akakwaruza.

"Nani huyo?" Mama aliuliza kutoka chumbani.

"Ni mimi. Na Watasema."

Kimya kirefu. Kisha: "Mfungulie. Ana kazi."

Nikamfungulia. Alishuka kwenda getini bila kugeuka nyuma, akichechemea kwenye giza, haraka kuliko nilivyomwona akitembea tangu nifike.

Blanketi la zambarau

Basi, kama hataki joto la ndani, nitampelekea joto huko huko. Nilienda mnadani, nikanunua blanketi la mtumba, zito, la zambarau, nikalitandika kwenye banda lake.

Niwaeleze hilo banda. Baba alilijenga kwa mabanzi zamani, wakati tukiwa na mbwa wawili, kwa hiyo ni kubwa. Sakafu ni ardhi. Mdomo wake umeangalia kusini-mashariki, huko huko unakotoka upepo wa miezi hii. Nalo limekaa pale getini, mahali pa chini kabisa pa kiwanja, hatua chache kutoka kijitoni.

Kila kosa linaloweza kufanywa kwenye banda la mbwa wa nyanda za juu lilikuwemo, na nilidhani blanketi lingeyafunika yote.

Asubuhi ya pili blanketi lilikuwa limelowa upande wa chini na kukakamaa pembeni. Blanketi hunywa. Linanyonya unyevu wa ardhi, linanyonya umande, linanyonya hata pumzi ya mbwa mwenyewe, na likishalowa linakuwa kama kulalia nguo uliyoifua bila kuianika. Watasema alikuwa amelala nje ya banda, kwenye udongo mkavu chini ya ukingo wa bati.

Nilikasirika. Nilimwona hana shukrani.

Yeye ndiye aliyekuwa na akili siku ile.

Jiko

Hili ndilo nisilopenda kulisimulia.

Usiku wa tatu niliweka mkaa kwenye jiko dogo, ukakolea vizuri, nikalitia ndani ya banda na kufunika mdomo kwa gunia. Nilijiambia ni nusu saa tu, ukuta upate joto, halafu nilitoe kabla hajaingia. Nilikuwa nimechuchumaa pale nikilinda, nimeridhika na nafsi yangu, nilipoona tochi inashuka.

Baba hakusema kitu. Alivua kofia, akaishika kama kishikio cha sufuria, akavuta jiko nje. Akalisukuma kwa mguu mpaka kwenye nyasi zenye umande. Mkaa ukalia.

"Umesahau?" akauliza.

Sikuwa nimesahau. Kila kipupwe, huku kwetu, tunasikia habari ya watu waliolala na jiko la mkaa ndani wasiamke. Nilienda kwenye msiba wa namna hiyo nikiwa darasa la sita. Mkaa unaowaka mahali palipofungwa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu mahali pa oksijeni, na anayeivuta anahisi usingizi tu. Ninayajua haya tangu sijavunja ungo. Na bado niliyafanya kwa mnyama, kana kwamba mapafu yake yameumbwa kwa kitu kingine.

Tulipanda mpaka nyumbani, yeye mbele na tochi. Hakulirudia tena jambo lile. Nafikiri ningependa angelirudia.

Mkono chini ya tumbo

Kesho yake nilimpigia bwana mifugo. Alikuja na pikipiki saa tano, glavu za sufu mikononi, akampa Mama salamu yake ya "Kamwene", akapokea "Kamwene" ya Mama na kikombe cha chai, kisha ndiyo akaanza kazi.

Nilimweleza barafu ya mgongoni. Nilieleza kwa kirefu, maana ndiyo iliyokuwa imenikaa kichwani. Yeye akapitisha mkono chini ya tumbo la Watasema, katikati ya mapaja, akauacha pale muda. Halafu akampima kwa kipimajoto, kwa njia ile isiyo na heshima, Watasema akinitazama mimi.

"Nyuzi 37 na mbili," akasema. "Mbwa anatakiwa awe 38, 39. Huyu amepoa kidogo."

"Si ndiyo ile barafu?"

"Dada, barafu ya mgongoni isikutishe. Ile imekaa juu ya manyoya kwa sababu joto halitoki kwenda kuiyeyusha. Manyoya yamefanya kazi yake. Tumboni hana manyoya. Anamlalia nani? Ardhi. Na hii ardhi haishibi joto. Baridi inatoka chini."

Siku tatu nilikuwa nashughulika na mgongo.

Akanionyesha mapaja ya nyuma, jinsi nyama ilivyokwisha. Mbwa akizeeka misuli inapungua, na misuli ndiyo tanuri yake. Akitetemeka ni misuli inayochemsha mwili. Huyu kuni zake zimekwisha. Viungo vya nyonga navyo vimekakamaa: baridi yabisi, akasema, na nikawaza jinsi waliotangulia walivyoupa ugonjwa jina la msimu unaouamsha.

"Mmempa dawa yoyote?"

Hapo ilibidi nitoe mkono mfukoni. Nilikuwa na nusu kidonge cha diklofenaki ya Baba, ile ya magoti, nimeikata kwa kisu asubuhi na nilikuwa nasubiri tu ugali upoe niifiche humo. Bwana mifugo alikichukua akakitupa shimoni. Diklofenaki, ibuprofeni, hata panado, akasema, dawa zetu za maumivu zinaweza kumtoboa mbwa tumbo, au kumharibu figo na ini, na mbwa mzee ndiye anayewahi kuanguka. Alimpima uzito na kutuachia meloksikamu ya siku chache, apewe baada ya kula. Akitapika au akinya choo cheusi, tuache na tumpigie.

Alipokuwa anapanda pikipiki alikumbuka mambo mengine, moja baada ya jingine, injini ikiwa inaunguruma. Msimwogeshe dawa ya kupe asubuhi miezi hii. Mkitaka, mchana wa jua, na akaushwe. Chakula kiongezwe, hasa cha jioni, na kiwe laini maana magego yamekwisha. Na kutetemeka kusinitie hofu sana. "Akitetemeka bado anapigana. Ukikuta ni wa baridi, amelegea, halafu hatetemeki, hapo mfunike na vitu vikavu, mkumbatie, msimtie kwenye maji ya moto, na unipigie hata kama ni saa nane usiku."

Akatazama mnyororo uliokuwa unaning'inia kwenye mti wa mapeasi.

"Mnamfunga mchana?"

"Ndiyo."

"Hapo kivulini?"

Hakungoja jibu. Miaka kumi na miwili Watasema amefungwa mchana na kuachiwa usiku, kama mbwa wote wa mtaa, ili wageni wapite. Sasa hana meno ya kumtisha mgeni, na jua la saa nne, ambalo kwetu Juni ni dawa kwa kila kiumbe, lilikuwa linapita hatua tano kutoka mnyororo unapoishia.

Mama aliufungua siku ileile. Watasema akatembea hatua tano, akalala juani.

Sweta

Nitapita hapa haraka.

Kabla bwana mifugo hajaja nilikuwa nimeshanunua na sweta. La mtoto, la kijani, shilingi 3,000. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nikikata mikono yake kwa mkasi ili miguu ya mbele ipite, mtoto wa jirani akaja kuomba moto. Ana miaka kama saba. Alikuwa amevaa fulana na juu yake shati la shule.

Akasimama akitazama mkasi.

"Shangazi, hilo sweta la nani?"

"La mwanangu," nikasema. "Linambana, nalipanua."

Sina mtoto wa umri huo. Alipokea kijinga cha moto akaenda, akikipuliza.

Sweta lenyewe halikufaa. Lilivaliwa usiku mmoja, likalowa umande, na sweta lililolowa ni baya kuliko kutovaa kitu kwa sababu linayabana manyoya na kuyazuia yasisimame. Sasa liko kwenye kabati la Mama, na mkono mmoja. Mtoto yule sikumpa. Ningempaje, baada ya kumwambia ni la mwanangu? Kabla sijaondoka nilimwachia mama yake hela ya sweta, bila maelezo, naye akaipokea bila kuuliza, na hakuna aliyejisikia vizuri.

Kuna watu wataniambia kwamba huwezi kumhurumia mbwa kabla watoto hawajavaa. Nimewaza sana juu ya hilo. Sina jibu la kuwapa. Ila nimejiuliza pia: ile miaka yote ambayo hatukumjali Watasema, kuna mtoto gani alipata sweta kwa sababu hiyo?

Vitoto vya nguruwe

Jioni ile, mbele ya moto, nilichora banda jipya kwenye karatasi. Refu, pana, lenye paa la juu.

Baba akaichukua karatasi, akaiangalia kwa mbali kama asomavyo bili ya umeme.

"Nafasi yote hii," akasema, "nani ataipasha joto?"

"Sijaelewa."

"Humo ndani moto ni yeye mwenyewe. Hana mwingine." Akarudisha karatasi. "Vitoto vya nguruwe tunavifanyaje?"

Nikanyamaza. Nimekua nikivitazama. Nguruwe akizaa kipupwe, Baba hutenga kona ya banda, anatengeneza kasha lenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa, mdomo mdogo wa kupita kitoto tu, na nyasi kavu mpaka juu. Vitoto vinajichimbia humo na ukitia mkono unatoa mkono wa moto. Ujuzi wote niliokuwa nautafuta kwenye simu usiku, nikipanda mtini kuusaka mtandao, ulikuwa mita 20 kutoka kitandani kwangu, na ulikuwa unanuka.

Nami nikamuuliza: mbona hukufanya hivyo kwa mbwa?

"Nguruwe tunauza," akasema Baba. Halafu, baada ya kugeuza kuni: "Sikuwahi kuwaza."

Asubuhi alikuwa ametoka na msumeno kabla sijaamka. Alimpima Watasema kwa kamba akiwa amelala amejikunja, kisha akiwa amesimama, mabega mpaka ardhini, na kuongeza kiganja kimoja tu kila upande. Aingie, asimame, ageuke, ajikunje, basi. Sakafu ya mbao, juu ya matofali manne, hewa ipite chini. Kuta za mabanzi, magome nje, na kwa ndani mifuko ya saruji iliyokatwa na kugongomewa ili upepo usipate ufa. Bati limeinamia nyuma. Mdomo hakuuweka katikati, aliuweka pembeni kabisa, mbwa apate kona ya kujificha upepo unapochungulia, na mbele ya mdomo akaning'iniza gunia lililochanwa vipande kama pazia la duka.

Juu ya matandiko tulibishana. Yeye alitaka maranda, kwa sababu karakana inayatoa bure. Mimi nilitaka mabua ya ngano, kwa sababu ni matupu ndani, yanashika hewa, mbwa anaweza kujichimbia, na yakilowa maji yanateleza badala ya kunywewa. Mwishowe maranda yakaenda chini, mabua juu, unene wa mkono mpaka kiwiko. Kila Jumamosi Mama anatia kiganja chini kabisa. Kikitoka na ubichi, yote yanaenda kwa nguruwe na mapya yanaingia.

Getini

Kazi ikabaki moja: banda likae wapi.

Baridi hutiririka. Usiku usio na mawingu, ardhi inapoteza joto lake kwenda angani, hewa iliyo juu yake inapoa, inakuwa nzito, inateremka mteremko kama maji na kujikusanya bondeni. Ndiyo maana barafu hupiga viazi vya chini na kuviruka vya juu. Hakuna mkulima wa kwetu asiyelijua hili. Baba alilijua vizuri sana mwaka 2013: ndiyo sababu parachichi alizipanda shamba la juu, maana mche mchanga wa parachichi ukipigwa na barafu umekwenda.

Nililiona hilo nikiwa nimeshika ubao na yeye anapiga misumari.

"Parachichi ulizipandisha," nikasema. "Mbwa ukamwacha huku."

Alipiga msumari mpaka ukazama. Akachukua mwingine.

"Parachichi hazilindi geti," akasema.

Na hapo ndipo nilipoacha kubishana, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu Watasema mwenyewe angesema vilevile. Nilikuwa nimeshamwona usiku ule, akishuka kwenda kazini kwenye giza. Ningeweza kumjengea nyumba ya kifahari juu ya kilima, angelala getini.

Tulichagua begani mwa mteremko, hatua kama 30 juu ya geti, ukuta wa banda la nguruwe ukimkinga kusini-mashariki. Ukilala humo na kutoa pua, unaliona geti.

Usiku wa kwanza alilala getini. Wa pili, getini. Niliamka saa tisa kumchungulia, nikamkuta amejikunja mahali palepale pa ile asubuhi ya gunia, na nikarudi kitandani nikiwa na hasira ya mtu aliyepika na wageni wakala kwingine. Siku ya tatu Mama alihamishia sufuria ya chakula juu, akachukua na kile kipande cha gunia chakavu alichokuwa anakilalia miaka yote, chenye harufu ambayo sitaieleza, akakisukuma ndani ya mabua.

Siku hiyohiyo Baba alikwenda mjini na kurudi na kufuli.

Kufuli kubwa, la shaba, shilingi 12,000. Saa moja jioni alishuka akalifunga geti, akalivuta mara mbili kujaribu, Watasema akimtazama kutoka pembeni. Miaka kumi na miwili geti letu lilikuwa linafungwa kwa kamba ya katani.

Usiku wa nne mabua yalikuwa na shimo katikati, na ndani ya shimo kulikuwa na mbwa.

Simu ya Jumapili

Mama hupiga Jumapili baada ya ibada. Ananipa habari za misiba, bei ya mbolea, magoti ya Baba, na mwishoni, bila kuulizwa, Watasema. Kuna asubuhi anasimama mara ya kwanza. Kuna asubuhi anasimama mara ya tatu. Barafu imepiga tena mara mbili tangu niondoke. Mchana analifuata jua kuzunguka nyumba, kutoka ngazi mpaka choo mpaka ghala, na jioni anabweka kidogo kuelekea upande ambako hakuna mtu.

Kuna jambo jipya. Usiku wa anga safi Baba anajaza dumu la lita tano maji ya moto kiasi, si ya kuchemka, analizungushia gunia na kulizika kwenye mabua nyuma ya mgongo wa mbwa. Saa kumi na moja alfajiri anakwenda kulitoa, maana likishapoa litaanza kumnyonya joto badala ya kumpa. Nilishangaa, nikamuuliza Mama nani kamfundisha.

"Anasema ni maji yake ya kunawia uso," Mama akasema. "Eti asubuhi yanakuwa bado yana uvuguvugu, kwa nini awashe moto mara mbili. Anachuchumaa palepale mbele ya banda, ananawa, Watasema anamwangalia."

"Kila siku?"

"Kila siku. Juzi jirani wa ng'ambo alimwona, akasimama mpaka akamaliza."

"Wakasemaje?"

Mama alicheka mpaka simu ikakwaruza.

"Wamesema," akajibu.